MWALIMU NYERERE NA BARABARA YA PUGU: ALIIPIGA KWA MGUU KABLA HAIJAPEWA JINA LAKE

Leo naomba tuwaache kidogo Simba na Yanga, tumzungumzie mzee mmoja ambaye picha yake tumekua tukiiona kila ofisi lakini safari zake wengi wetu hatuzijui.

Jumapili iliyopita nilitoka Pugu na baiskeli yangu ya gia (gia zenyewe zinashika mbili tu, tusidanganyane), nikaenda nayo mpaka Kariakoo. Kwenda ni raha maana Pugu iko juu vilimani, unateremka tu. Mwisho wa Lami, Gongo la Mboto, Ukonga, uwanja wa ndege, Vingunguti, TAZARA, Chang'ombe, mpaka Kamata umefika. Kurudi ndo kasheshe. Jua kali, lori zinakupitia karibu na sikio, na ile dala dala moja ikanibana mpaka nikaingia mtaroni. Goti likachunika, cheni ikatoka. Nimekaa pale pembeni narudisha cheni nikakumbuka kwamba kuna mwalimu mmoja aliipiga njia hii miaka ya 1950, na wazee wa huku wanasimulia kwamba mara nyingi alitembea kwa mguu. Zaidi ya kilomita 20 kwenda, na kurudi vilevile. Mwalimu huyo ni Julius Kambarage Nyerere, na barabara yenyewe leo inaitwa Barabara ya Nyerere. Wazee mpaka kesho wanaiita Pugu Road.

KUTOKA BUTIAMA

Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 kule Butiama, mkoa wa Mara. Baba yake ni Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, mama yake Mgaya wa Nyang'ombe. Usidhani mtoto wa chifu alilelewa kama mtoto wa mfalme wa kwenye sinema. Baba alikuwa na wake wengi sana na watoto wengi, na Kambarage alichunga mifugo kama mtoto yeyote wa pale.

Shule alianza na miaka 12, mwaka 1934, Mwisenge pale Musoma, kama kilomita 40 kutoka kwao. Kichwa kilikuwa cha moto, akafaulu kwenda Tabora mwaka 1937, halafu Makerere kule Uganda kuanzia 1943, ambako alisomea ualimu. Mwaka huo huo alibatizwa akaitwa Julius. Akafundisha St. Mary's Tabora, kisha mwaka 1949 akaenda Uingereza, chuo kikuu cha Edinburgh, akarudi 1952 na digrii ya M.A. Wakati ule Watanganyika wenye digrii ya ng'ambo ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vingine vikabaki.

MWALIMU WA PUGU

Januari 1953 alimuoa Maria Gabriel Magige. Mwaka huo huo akapata kazi ya kufundisha shule ya misheni ya St. Francis, hapa hapa Pugu. Ndiyo hii Pugu Sekondari ya leo, ile iliyozungukwa na miti. Kazi nzuri, nyumba ya mwalimu, mshahara kila mwezi, hewa ya msituni. Mtu wa kawaida angetulia ale maisha.

Yeye hakutulia. Mjini kulikuwa na chama kinaitwa TAA, na Aprili 1953 akachaguliwa kuwa rais wake. Hapo ndipo barabara ya Pugu inapoingia. Siku za kazi yuko darasani na chaki, wikiendi anateremka mjini kukutana na kina Abdulwahid Sykes, ambaye alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo, pamoja na kina Dossa Aziz, John Rupia na wengine. Hao wazee wa mjini ndio waliompokea mwalimu kutoka bara asiyejulikana sana, wakamkaribisha majumbani mwao na kumtambulisha kwa watu. Tunapomsifu Mwalimu tusiwasahau. Mtu hapigani na mkoloni peke yake.

Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikazaa TANU, pale mtaa wa New Street ambao sasa ni Lumumba. Ndiyo Saba Saba yenyewe hiyo! Wengi tunadhani Saba Saba ni maonyesho tu na nyama choma.

Hebu fikiria sasa. Rais wa chama kinachotaka Mwingereza aondoke ni mwalimu wa shule ya misheni, anakaa kilimani huko porini, na Jumatatu lazima awe darasani. Usiku barabara ni giza, pande zote msitu. Siku hizi tukikosa gari Gongo la Mboto kwa dakika kumi tunaanza kulaani serikali.

SIKU YA KUCHAGUA

Machi 1955 TANU ilimtuma New York, Umoja wa Mataifa, kwenda kusema kwamba Tanganyika iko tayari kujiandaa kujitawala. Nauli ilichangwa na wanachama, hela za watu wa kawaida kabisa. Aliporudi mambo yalikuwa yameshakuwa magumu. Serikali ya kikoloni haikufurahi, na wakubwa wa shule wakamwambia achague moja, ualimu au siasa.

Wadau, hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Jamaa ana miaka 32, hajafika hata 33. Ana mke na familia changa. Nyumba anayokaa ni ya shule, akiacha kazi na nyumba inakwenda. Chama kina miezi tisa, hakina mshahara wa kumlipa, na hakuna aliyejua kama uhuru utakuja baada ya miaka 6 au 30. Hakukuwa na dhamana yoyote.

Akaandika barua ya kuacha kazi mwezi huo huo. Akaondoka Pugu.

Kwa muda alirudi kwao Musoma, akajipatia riziki kwa kuwafundisha mapadri wa Maryknoll lugha ya Kizanaki. Baadaye akarudi Dar kufanya kazi ya chama moja kwa moja, na Mama Maria akaendesha duka dogo ili nyumba iende. Huyu mama naye sifa zake hatuzitoi vya kutosha. Mwaka 1957 serikali ilimpiga Mwalimu marufuku kuhutubia kwa muda, na 1958 akashtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa serikali kwenye kijarida cha chama. Akatozwa faini ya shilingi 3,000 au jela miezi sita, watu wakachanga, faini ikalipwa.

Tarehe 9 Desemba 1961, uhuru. Ni miaka 6 na ushee tangu aiache ile nyumba ya Pugu.

IKULU NA MGUU TENA

Mengi ya baada ya hapo tumeyasoma shuleni. Waziri Mkuu, akajiuzulu Januari 1962 ili akajenge chama, akarudi kama Rais Desemba mwaka huo. Muungano 1964, Azimio la Arusha Februari 1967. Baada ya Azimio shule za misheni zikataifishwa, na ile aliyolazimika kuiacha ikawa ya serikali. Maisha bwana!

Kutembea hakuacha. Oktoba 1967, akiwa Rais na magari ya kumpanda yapo, alitembea kutoka Butiama mpaka Mwanza, kama kilomita 220, kwa siku nane, kuliunga mkono Azimio. Vijana nao walitembea nchi nzima. Mmoja, Seth Benjamin, alifariki njiani akitoka Arusha kwenda Dar.

Sasa tusimfanye malaika. Kwenye vijiji vya ujamaa, miaka ya 1970, watu walihamishwa kwa nguvu, wengine wakaacha nyumba na mashamba yao. Sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi ilitumika. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 uchumi ulianguka, sukari na sabuni ni kwa foleni. Mafuta yalikuwa adimu kiasi kwamba magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa 8 mchana. Mimi mwendesha baiskeli nikisikia hiyo natamani, lakini kwa aliyekuwa na mgonjwa wa kukimbiza hospitali haikuwa raha.

Mwaka 1985 aling'atuka mwenyewe, akarudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa ugonjwa wa saratani ya damu. Aliyetutangazia msiba ni Rais Benjamin Mkapa, ambaye naye alisoma hapa Pugu.

NJIA IMEBADILIKA

Kuanzia 2019 kuna waendesha baiskeli wanaofanya msafara wa Twende Butiama, wanatoka Dar mpaka kaburini kwake, zaidi ya kilomita elfu moja, wafike kwa siku ya kumbukumbu yake. Heshima kwao. Ila na sisi tusio na baiskeli za maana tunaweza kumkumbuka kwa njia hii hii ya Pugu.

Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi upo lakini umeliwa sana. Alfajiri utakutana na jamaa wa mkaa wanateremka kutoka Kisarawe, kila mmoja na magunia ya lumbesa kwenye kerea mpaka hamuonekani mtu. Mimi siwezi kuwatukana, wana watoto na mtaji wao ni miguu. Lakini kila gunia ni mti. Wao ndio wanaoijua njia hii kuliko sisi wote, na wao ndio lori zinawagonga, maana sehemu nyingi mwendesha baiskeli hana njia yake. Barabara yenye jina la mtu aliyetembea kwa mguu, halafu mwenye mguu na mwenye baiskeli ndio hawana pa kupita. Inaniuma.

Mimi nimemaliza form four, kazi ya kueleweka sijapata, na mtu akinipa leo kazi yenye nyumba na mshahara hapo Pugu sijui kama ningeiacha kwa ajili ya chama cha miezi tisa. Kusema ukweli, nadhani nisingeiacha. Ndiyo maana nilipomaliza kufunga cheni pale mtaroni sikupandisha baiskeli kwenye Bajaji. Nilipiga pedali mpaka juu, pale mlimani nikashuka nikasukuma.

Wadau wa Ukonga, Gongo la Mboto, Pugu na Kisarawe, mwenye babu au bibi aliyemuona Mwalimu akipita njia hii atupe story hapo chini. Hoja karibu, matusi hapana.

Nawasilisha.