Mama Kevina wa Nsambya

Mliokuwa ibadani Jumapili mnakumbuka neno lilitoka Kutoka sura ya 1, habari za Shifra na Pua, wale wakunga wawili waliomcha Mungu kuliko walivyomwogopa Farao. Tulipotoka nje dada mmoja akaniuliza kama hapa kwetu Afrika Mashariki pamewahi kuwa na wakunga wa namna hiyo. Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Basi leo tumwangalie Mama Kevina.

Najua wengine mtashangaa. Huyu alikuwa sista Mkatoliki, na sisi tuna tofauti zetu na Wakatoliki, hatuzifichi. Lakini kazi aliyoifanya kwa mabinti wa Uganda, na hata wa Kenya kupitia wale aliowafundisha, siwezi kuinyamazia eti kwa sababu hakuwa wa kanisa letu.

Jina lake la kuzaliwa ni Teresa Kearney. Alizaliwa mwaka 1875 karibu na mji wa Arklow, nchini Ireland. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa. Mama aliolewa tena, kisha naye akafa Teresa akiwa na miaka kumi tu, akabaki kulelewa na nyanya yake. Kwa hiyo wale mliolelewa na dani mnamwelewa huyu mtoto. Nyanya alikuwa mtu wa maombi, na huyo ndiye aliyemtia moyo wa kumtumikia Mungu. Mwaka 1895 akaingia nyumba ya masista Wafransisko huko Mill Hill, London, akapewa jina la Kevin. Yeye alitaka kupelekwa Marekani akawahudumie watu weusi kule. Wakubwa wake wakaamua tofauti: aende Uganda.

Desemba 1902 masista sita wakaondoka London. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka mmoja tu nyuma, na njia ya Uganda siku hizo ilikuwa meli mpaka Mombasa, gari la moshi mpaka Kisumu, halafu kuvuka ziwa. Tarehe 15 Januari 1903 walikuwa wamefika kilima cha Nsambya, Kampala.

Walichokikuta si kidogo. Ugonjwa wa malale ulikuwa unaua watu kandokando ya ziwa, Uganda peke yake zaidi ya laki mbili katika miaka ile, na upande wetu wa Nyanza haukusalimika. Ndui nayo ilikuwepo. Masista walianza kutibu watu chini ya mwembe. Hiyo ndiyo ilikuwa dispensari.

Sasa tuje kwa akina mama. Kule Buganda mwanamke alipiga magoti kumsalimu mwanamume, na kuku na mayai hakuruhusiwa kula. Msicheke, kwetu Ujaluo pia nyanya zetu waliandaa kuku wakala mchuzi kwa macho. Mwanamke alilima, akabeba, akazaa, na alipokufa kwenye kuzaa, au mtoto alipokufa, watu walisema ni mambo ya kawaida. Serikali ya Mwingereza haikuwa na haraka naye. Wamishonari wenyewe walianza na wavulana: Wakatoliki walifungua Namilyango mwaka 1902, na Waprotestanti wakafungua Budo mwaka 1906, zote za wavulana. Gayaza ya wasichana ilifunguliwa mwaka 1905, lakini wasichana waliopata nafasi walikuwa wachache mno. Makerere ilianza mwaka 1922 bila mwanamke hata mmoja, na wanafunzi wa kwanza wa kike waliingia mwaka 1945. Hesabu wewe mwenyewe ni miaka mingapi hapo.

Kevin, ambaye watu walianza kumwita Mama Kevina, aliwekwa mkuu wa masista mwaka 1910. Wakati wa Vita ya Kwanza Nsambya ilijaa wagonjwa wa Kariokor, wale wabeba mizigo wa jeshi. Wababu zetu wengi kutoka Nyanza walichukuliwa kwa kazi hiyo na wengi hawakurudi. Mama Kevina aliwauguza watu wale na akalalamika waziwazi kwa jinsi walivyotendewa, kwa sababu Mzungu mwanajeshi alitunzwa na mbeba mizigo akaachwa. Mwaka 1918 serikali ileile ikampa nishani.

Lakini shida iliyomsumbua zaidi ilitoka ndani ya kanisa lake. Sheria ya Roma ilikataza masista wasishughulike na uzazi. Mama anakuja Nsambya na uchungu wa kuzaa, sista yupo hapo, na hatakiwi kumgusa! Fikiria hilo kidogo, wewe uliyewahi kusimama nje ya wodi usiku ukisubiri.

Mama Kevina hakuvunja nadhiri zake, na hakukaa kimya. Alipata msaada wa daktari mwanamke, Evelyn Connolly, ambaye hakuwa sista na kwa hiyo sheria ile haikumfunga. Mwaka 1921 wakafungua Nsambya shule ya kufundisha mabinti wa Kiafrika uuguzi na ukunga. Yaani kama sista hawezi kumzalisha mama, basi binti wa Kiganda atafundishwa amzalishe. Ng'ambo ya pili, hospitali ya Mengo, Dk. Albert Cook wa CMS na mkewe Katharine walikuwa wanafundisha wakunga vilevile. Baadaye Grace Ogot wetu wa Asembo alivuka mpaka akasomea uuguzi hukohuko Mengo. Wakati huo wote Mama Kevina na wengine waliendelea kuomba Roma ibadilishe ile sheria. Iliondolewa mwaka 1936. Kutoka 1921 ni miaka kumi na tano.

Mwaka 1923 akafanya jambo ambalo wazazi wengi hawakulipenda. Aliwachukua wasichana wanane Waafrika akaanzisha nao shirika lao wenyewe, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambao makao yao yako Nkokonjeru. Sisi hatuna masista, lakini tazama jambo lenyewe kwa jicho la mzazi wa wakati ule. Binti asiyeolewa ni ng'ombe ambao hawataingia bomani. Kaka yake ataoa na nini? Na hapa hapa Ogwedhi, tuseme ukweli, hesabu hiyo bado iko vichwani mwa watu. Msichana wa darasa la saba anahesabiwa ng'ombe, halafu Jumapili tunamwimbisha kwaya. Wasichana wale wanane walisimamia uamuzi wao, wakawa walimu na wauguzi. Shirika lao likaenea mpaka Kenya na Tanzania.

Mengine niyapitie haraka. Alifungua makao ya wenye ukoma Nyenga na Buluba, mahali ambapo watu waliotupwa na jamaa zao walipata kitanda na chakula. Shule ya wasichana ya Namagunga ilitokana na kazi yake, na mpaka leo ukimtajia Mganda jina hilo anajua unaongea shule ya namna gani. Mwaka 1952 masista wake wa Kizungu walioko Afrika wakawa shirika linalojitegemea, naye akawa mkuu wao wa kwanza.

Mwaka 1955 aliachia uongozi akiwa na miaka themanini. Mtu wa umri huo angepumzika. Yeye alipelekwa Boston, Marekani, kutafuta pesa za kazi ya Afrika, na huko ndiko alikofariki Oktoba 1957. Mwili wake ukapelekwa Ireland, ukazikwa kwao.

Watu wa Uganda walipopata habari walikataa. Walisema mama yao hawezi kulala mbali, wakaomba arudishwe. Kaburi likafunguliwa, mwili ukasafirishwa kwa ndege, na mwezi wa Desemba mwaka huohuo wakamzika Nkokonjeru, nyumbani kwa wale mabinti aliowaanza wakiwa wanane.