Sidi Mubarak Bombay na Orodha ya Msafara

Sidi Mubarak Bombay alizaliwa katika nchi ya Wayao yapata mwaka 1820. Angali mtoto alitekwa, akapelekwa Kilwa, akabadilishwa kwa nguo kama bidhaa, kisha akavushwa hadi Bara Hindi. Bwana wake alipofariki alipata uhuru, akarejea Unguja na kuwa askari wa Sultani. Mwaka 1857 aliingia katika msafara wa Burton na Speke. Mwezi Oktoba walivuka pori la Mgunda Mkali wakafika Tura, lango la Unyamwezi, mahali ambapo jina lake, kama Burton alivyoelezwa, lina maana ya kutua mzigo.

Hapo Tura tusimame kidogo, kwa kuwa mizigo ikishatuliwa huhesabika. Mwanafunzi anayeanza kuandika programu za kompyuta hana budi kufahamu jambo hilo: rundo halipokei kanuni mpaka ligeuzwe orodha. Tuseme wapagazi watatu wamebeba frasila 2, 1 na 2. Frasila moja ni ratili 35. Tukitumia kanuni moja, zidisha kwa 35, kwa kila kimoja, tunapata orodha mpya: 70, 35, 70. Idadi haikubadilika, wala mpangilio. Na orodha ya kwanza ingali ipo. (Wanafunzi wengi hudhani imefutwa. Waonyesheni zote mbili ubaoni.)

Lakini ni nani aliyebeba 35? Tulipochukua tarakimu peke yake tuliyaacha majina, na kosa hili ni kubwa kuliko kukosea kuzidisha. Speke, aliyerudi njia hiyo pamoja na Bombay katika safari ya 1860 hadi 1863, alichapisha mwishoni mwa kitabu chake orodha ya watu wake: kila jina na malipo yake, na waliotoroka wakionyeshwa. Kwa maoni yetu huo ndio mfano bora wa kufundishia, kila kipengele kikiwa jozi ya jina na thamani, ili kanuni iguse thamani na jina libaki na mwenyewe.

Bombay alipewa nishani ya fedha na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza. Mwaka 1871 aliongoza askari wa Stanley, kisha akafuatana na Cameron kutoka pwani yetu hadi Bahari ya Atlantiki, wakafika mwaka 1875. Chama hicho kilimpa pensheni mwaka 1876. Alifariki mwaka 1885.