Mwalimu Ajayi

Katika nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni sehemu ya Nigeria, palikuwa na mji ulioitwa Osogun. Huko alizaliwa Ajayi, yapata mwaka 1809. Mwaka 1821 washika watumwa wakauzingira mji, wakazichoma nyumba moto, wakawafunga watu kamba shingoni na kuwachukua. Ajayi alikuwa na umri wa miaka kama 12. Alitekwa pamoja na mama yake na dada zake, lakini haukupita muda akatengwa nao.

Tangu hapo akauzwa mara nyingi, akipita kutoka mkono mmoja hata mwingine. Mara moja alibadilishwa kwa farasi. Farasi asipopendeza, Ajayi akarudishwa kama bidhaa yenye kasoro. Mwisho akafikishwa pwani, akanunuliwa na Wareno, akapakiwa merikebuni pamoja na watumwa wengi. Lakini mwezi wa Aprili, mwaka 1822, manowari za Kiingereza ziliikamata merikebu ile, na watumwa wakapelekwa Freetown, katika nchi ya Sierra Leone, wakafunguliwa.

Ajayi alikuwa huru sasa, lakini hakuwa na baba wala mama wala ndugu karibu naye. Alipelekwa kukaa Bathurst, kijiji kilicho karibu na Freetown. Wenyeji wa kijiji hicho walikuwa watu wa makabila mengi waliookolewa baharini kama yeye. Lugha zao zilikuwa mbali mbali, na kila mmoja alikuwa amepotewa na jamaa zake.

Hapo Bathurst palikuwa na shule ya misheni. Siku ya kwanza alipotoka shuleni, Ajayi aliwaendea watu wa kabila lake akawaomba nusu peni, apate kununua karatasi ya alfabeti iwe yake mwenyewe. Akajifunza kwa bidii nyingi, na baada ya miezi sita aliweza kusoma Agano Jipya. Alifundishwa pia kazi ya useremala. Tarehe 11 Desemba 1825 alibatizwa, akaitwa Samuel Crowther.

Mwaka 1827 wamisionari walifungua chuo mahali paitwapo Fourah Bay, ili kuwafundisha Waafrika kazi ya ualimu na ya kanisa. Katika orodha ya wanafunzi wa chuo hicho, jina la Crowther ndilo la kwanza. Alipokwisha kufuzu alitumwa kufundisha katika vijiji vya Regent na Wellington. Akamwoa Asano, ambaye naye alikuwa ameokolewa katika utumwa na kusomeshwa na misheni, akabatizwa kwa jina la Susan.

Siku zile merikebu za watumwa zilikuwa zingali zikikamatwa, na watoto wageni waliletwa vijijini, hawana mtu wamjuaye wala neno walielewalo. Mwalimu wao alikuwa mtu aliyepita njia ile ile. Basi yeye aliyenyang'anywa jamaa yake moja akapata jamaa nyingine, nayo ilikuwa kubwa, maana kila mtoto aliyeketi mbele yake alikuwa kama ndugu yake. Mwaka 1834 aliitwa arudi Fourah Bay, akawa mwalimu katika chuo kile kile kilichomlea.

Crowther aliona ya kuwa mtu huyaelewa vizuri mambo ya moyoni akiambiwa kwa lugha ya mama yake. Kwa hiyo aliyakusanya maneno ya Kiyoruba, na mwaka 1843 kikapigwa chapa kitabu chake cha maneno ya lugha hiyo na sarufi yake. Mwaka huo huo akafanywa kasisi huko London. Baadaye akafanya kazi kubwa ya kuitafsiri Biblia kwa Kiyoruba.

Mwaka 1846 alifika Abeokuta, katika nchi ya Wayoruba, kuanza kazi ya misheni. Mwezi wa Agosti, mama yake akasikia habari zake, akamjia. Walikuwa hawajaonana kwa muda wa miaka 25. Wakashikana mikono, wakatazamana kimya, machozi yakiwatoka. Mwaka 1848 mama yake akabatizwa, akaitwa Hannah.

Mwaka 1864 Crowther aliwekwa kuwa askofu huko Canterbury, naye ndiye Mwafrika wa kwanza kupata daraja hiyo katika Kanisa la Kianglikana. Alifariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891. Watu wengi humkumbuka kwa uaskofu wake, na ni haki. Lakini kazi yake yote ilianzia katika chumba cha shule, siku ile mtoto asiye na kitu alipoomba nusu peni anunue herufi; na herufi alizozipata hakuziweka kwake peke yake, bali aliwapa wengine maisha yake yote.