Livingstone: daktari wa vipimo na vitabu

Anayetoka Bujumbura kwenda Rumonge kwa barabara ya kando ya ziwa hulipita jiwe la Mugere, kilomita kama 10 hivi kusini mwa jiji. Limechongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wageni huambiwa kwamba hapo ndipo wawili hao walipokutana mara ya kwanza. Si kweli, walikutana Ujiji. Mugere walilala tu, wakiwa safarini kutafuta jibu la swali moja: mto Rusizi unaingia Tanganyika au unatoka?

David Livingstone alizaliwa Blantyre, Scotland, mwaka 1813, na akiwa na miaka 10 alikuwa tayari kibarua katika kiwanda cha pamba. Sehemu ya mshahara wake wa kwanza aliinunulia kitabu cha sarufi ya Kilatini. Kuanzia 1836 alisoma Glasgow udaktari na kemia, na wakati huohuo Kigiriki na theolojia. Baadaye, Cape Town, mtaalamu wa nyota Thomas Maclear alimnoa katika kupima mahali kwa kutazama anga. Ndiyo maana madaftari yake yana safu za tarakimu pembeni mwa habari za watu na lugha zao.

Rusizi ilihitaji mtu wa namna hiyo. Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858, wakasikia habari zinazopingana, wakarudi bila kuuona mdomo wa mto. Livingstone na Stanley waliazima mtumbwi wa Sayid bin Majid, mfanyabiashara wa Ujiji. Walianza kwa kuuliza: chifu Ruhinga akawatajia mito inayoijaza Rusizi. Kisha wakapiga makasia hadi mdomoni, na mkondo ukawajia usoni. Maji yalikuwa yakiingia ziwani, kama wenyeji wengi walivyojua siku zote.

Lakini kwenye mto Lualaba, magharibi ya ziwa, mzani wake ulilala upande mmoja. Aliusadiki kuwa ni Nile, kwa sababu Herodotus, Mgiriki wa kale, aliandika habari za chemchemi za Nile kati ya vilima viwili. Vipimo vyake mwenyewe vya mwinuko vilimtia wasiwasi: Lualaba ulikuwa chini mno, huenda ukawa mto Kongo. Hata hivyo aliendelea kuzitafuta chemchemi hizo hadi alipofariki kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873. Miaka minne baadaye Stanley aliufuata mto huo mpaka Atlantiki. Ulikuwa Kongo.

Kumbukumbu yake nzito zaidi inahusu soko. Tarehe 15 Julai 1871, huko Nyangwe kwenye Lualaba, aliona watu wa wafanyabiashara wa watumwa wakiwafyatulia risasi wachuuzi, wengi wao wanawake. Karatasi zilikuwa zimemwishia, akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mmea. Taarifa yake iliongeza shinikizo lililomfanya Sultan Barghash afunge soko la watumwa la Zanzibar mwezi Juni 1873.

Wino ule ulififia hata usisomeke. Mwaka 2011 wataalamu wa fasihi waliungana na wa kompyuta, wakazipiga picha kurasa hizo chini ya mwanga wa rangi mbalimbali na kuzichambua picha hizo kwa tarakimu, mpaka maandishi yakatokea. Yalitofautiana na kitabu kilichochapishwa: humo Livingstone ana mashaka zaidi juu ya mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe.