Placide Tempels: mwalimu aliyefundishwa ukubwani

Mwanafunzi wa lugha na utamaduni wa Kiafrika hulikuta jina la Placide Tempels mapema sana, na mara nyingi hulikuta likiwa tayari limeshahukumiwa. Huambiwa kwamba huyu ndiye padri Mbelgiji aliyedai kuyajua mawazo ya Wabantu wote kwa sababu ya kuishi na Waluba kwa miaka michache. Hukumu hiyo ina haki yake, nami nitaigusa. Lakini inakomea kwenye kitabu kimoja cha mwaka 1945, na Tempels aliishi miaka 32 baada ya kitabu hicho. Miaka kadhaa ya sehemu hiyo ya maisha yake ilipita hapa kwetu, Kolwezi, katika kambi za wachimba shaba, na kwa Kiswahili. Kwa maoni yangu ndiyo inayotuhusu zaidi.

Alizaliwa tarehe 18 Februari 1906 huko Berlaar, katika sehemu ya Ubelgiji inayosema Kiflemi, akapewa jina la Frans. Mwaka 1924 aliingia katika shirika la Wafransisko, na huko akachukua jina la Placide. Alipadrishwa mwaka 1930, akatumwa Kongo mwaka 1933, akiwa na umri wa miaka 27. Inafaa kukumbuka kwamba lugha yake ya mama haikuwa Kifaransa. Alitoka katika jamii ambayo kwa muda mrefu ilikuwa imelalamika kwamba lugha yake inadharauliwa na wakubwa wa nchi yake yenyewe. Kifaransa, lugha ya serikali na ya kampuni huku Kongo, kwake pia kilikuwa lugha ya kujifunza.

Wafransisko wa Ubelgiji walikuwa wamekabidhiwa tangu mwaka 1922 eneo kubwa lililoitwa Lulua na Katanga ya Kati. Jina la Lulua latokana na mto ule ule unaopita Sandoa. Kwa hiyo eneo lao liliwajumlisha Waruund wa Sandoa na Kapanga, Wachokwe wa upande wa Dilolo, na Waluba wa upande wa Kamina. Si watu wa lugha moja, wala wa mila moja. Padri aliyetumwa huku alitakiwa kuanza na lugha, na Tempels alijifunza Kiluba.

Baadaye, katika kitabu chake kidogo kuhusu kukutana kwake na watu wa Kongo, kilichotoka mwaka 1962, aliyagawa maisha yake ya utume katika vipindi. Kipindi cha kwanza, cha miaka kama kumi, alikuwa bwana. Alikuwa Mzungu, alikuwa padri, alikuwa na mamlaka, na alifikiri kazi yake ni kusema na kazi ya wengine ni kusikia. Watu walibatizwa, walikuja misa, walijibu katekisimu vizuri. Lakini yeye mwenyewe aliona kwamba mafundisho hayakuwa yameshuka ndani. Mtu akipata shida kubwa, mtoto akiugua au ndoa ikikosa uzazi, alirudi kwa wazee wake na kwa mganga, na padri hakuulizwa kitu.

Kipindi cha pili kilianza alipogeuza swali. Badala ya kuuliza namna ya kuwaeleza watu mambo yake, alianza kuwauliza wao ni watu gani, wanatafuta nini maishani, wanaogopa nini, wanaomba nini. Hapo alikuwa amekaribia miaka arobaini, umri ambao mwalimu wengi humdhania kuwa amemaliza kujifunza. Majibu aliyoyapata aliyafupisha katika wazo moja: kwamba kwa watu aliokaa nao, kuwa ni kuwa na nguvu ya uhai, na nguvu hiyo huongezeka au hupungua kufuatana na uhusiano wa mtu na wazazi, wahenga, watoto na majirani. Mtu peke yake, asiyepokea wala kutoa uhai, kwao ni mtu anayepungua.

Wakati huo nchi ilikuwa na majeraha. Mwezi wa Desemba 1941 askari waliwapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma Elisabethville, na makumi wakafa. Mwaka 1944 askari wa Force Publique waliasi Luluabourg, mji unaoitwa leo Kananga. Tempels aliandika makala katika gazeti la L'Essor du Congo la Elisabethville, akitetea haki za wenyeji na kuwaeleza walowezi kwamba uasi una sababu. Baadhi ya makala hizo zilichapishwa tena mwaka 1945 katika mkusanyo uliosimamiwa na mwanasheria Antoine Rubbens. Rubbens huyo huyo ndiye aliyekitafsiri kitabu cha Tempels kutoka Kiflemi kwenda Kifaransa, kikatoka Elisabethville mwaka 1945 kwa jina la La philosophie bantoue. Matini ya asili ilichapishwa Ubelgiji mwaka 1946, na mwaka 1949 Présence Africaine ya Paris ikakitoa tena kikiwa na dibaji ya Alioune Diop.

Kitabu kilimletea sifa mbali na taabu karibu. Askofu Jean-Félix de Hemptinne wa Elisabethville alikipinga waziwazi. Kusema kwamba wenyeji wana falsafa, tena yenye mpango, kulitikisa msingi wa kazi iliyojiita ya kuwastaarabisha. Tempels alikwenda Ubelgiji mwaka 1946 na kwa miaka mitatu hakuruhusiwa kurudi. Alirudi Kongo mwaka 1949.

Wakosoaji wengine walitoka upande ulio kinyume kabisa. Aimé Césaire alionyesha kwamba kitabu kilimpa mkoloni njia ya kuwaheshimu Wabantu kwa mawazo huku akiwaacha na mshahara mdogo na ardhi iliyonyang'anywa. Fabien Eboussi Boulaga na Paulin Hountondji waliuliza kwa nini watu wote wa bara zima wawe na falsafa moja wasiyoijua wenyewe mpaka mgeni awasemee. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Jadotville, Likasi ya leo, alimweka katika historia ndefu ya namna Ulaya ilivyoitunga Afrika. Kwa mwanaisimu kuna kasoro nyingine. Tempels alijenga hoja pana juu ya lugha moja na hakuonyesha data yake. Waluba waliomfundisha hawatajwi kwa majina kama watu wenye hoja zao. Alexis Kagame, aliyeandika mwaka 1956 juu ya fikra za Rwanda, angalau alianza na sarufi: alichukua ngeli za nomino, muntu, kintu, hantu, kuntu, akauliza lugha inagawanyaje vitu. Njia yake nayo ina mashaka, lakini msomaji anaweza kuikagua.

Kama Tempels angefariki mwaka 1950, ningekubali kwamba hukumu hiyo imemaliza habari. Lakini mwaka 1953 alipelekwa Kolwezi.

Kolwezi ulikuwa mji mchanga, ulioanzishwa mwaka 1937 kuwa makao ya migodi ya magharibi ya Union Minière. Kampuni ilikuwa imeacha tangu mwisho wa miaka ya 1920 desturi ya kuwachukua vijana wa muda mfupi, ikapendelea mfanyakazi mwenye mke na watoto anayekaa kambini kwa miaka. Hivyo katika nyumba zilizopangwa mistari, mtu wa Sandoa alipakana na mtu wa Kasai, na wa Kasai na mtu wa Kabongo. Nyumba, posho, shule ya watoto, hospitali, vyote vilitoka kwa kampuni. Kitu ambacho kampuni haikuweza kukitoa ni ukoo. Mgonjwa hakuwa na shangazi karibu, mke kijana hakuwa na bibi wa kumwelekeza, na ugomvi wa ndoa haukuwa na mzee wa kuuamua. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili.

Humo ndimo Tempels alimokaa na familia chache, mume na mke pamoja, kuzungumza juu ya maisha yao. Kutokana na mazungumzo hayo likakua kundi lililokuja kuitwa Jamaa. Halikuwa na kadi wala ada. Watu waliitana baba na mama, na padri mwenyewe akaitwa Baba Placide. Mafundisho yalizunguka mawazo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Yalitolewa kwa hatua. Mume na mke waliotangulia waliwachukua wengine wawili, wakakaa nao jioni nyingi, wakawaongoza kutoka hatua moja hadi nyingine, mpaka wakasemekana kuwa wamewazaa. Waliozaliwa hivyo nao walitazamiwa kuwazaa wengine.

Tuone kilichobadilika hapo. Katika kipindi cha kwanza, elimu ilitoka kwa mmoja kwenda kwa wengi. Katika kipindi cha pili, mmoja alikusanya elimu ya wengi akaipeleka kwa wasomaji wa Ulaya. Kolwezi elimu ikawa kitu cha kupokezana. Mchimba shaba asiyemaliza shule ya msingi aliweza kuwa mwalimu wa karani. Mke aliketi pamoja na mumewe, akafundishwa na akafundisha, jambo ambalo kampuni na hata parokia nyingi za wakati ule hazikulizoea. Padri aliyetaka kuingia alikaa chini akasikiliza. Wala haikuwa maneno matupu: wana Jamaa walijulikana kwa kukaribishana nyumbani, kula pamoja na kusaidiana bila kujali kabila, katika kambi ambamo kabila lilikuwa jambo la kuangaliwa. Kundi lilienea Jadotville, Elisabethville na hadi Kasai.

Wanafunzi wa isimu wana sababu ya pekee ya kulijali kundi hili. Lilifikiri kwa Kiswahili cha Katanga, lugha ambayo hata sisi wasemaji wake huiita mbovu tukiilinganisha na ya pwani. Neno jamaa, lenye asili ya Kiarabu, kwa msemaji wa Dar es Salaam leo laweza kuwa ndugu, au mtu fulani tu asiyejulikana. Kolwezi likawa jina la undugu unaochaguliwa na kujengwa. Kwetu mtu ni muntu, na wingi ni bantu. Sauti iliyopotea pwani imebaki. Hivyo utu, katika Jamaa, ukawa umuntu, na msemaji wa Kiluba aliusikia bila kutafsiriwa. Kitenzi kuzaa kwetu ni kuzala, karibu na lugha za vijijini, na kundi likakipa maana ya kumfikisha mtu mzima mwenzako kwenye ufahamu mpya. Istilahi zote hizi ziliundwa na watu wazima waliokaa pamoja baada ya kazi ya mgodini, bila kamati wala kamusi. Johannes Fabian, aliyefanya utafiti hapa katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake juu ya Jamaa mwaka 1971, alilazimika kuanza na maneno hayo kabla ya kueleza lolote lingine.

Mwisho wake haukuwa mwepesi. Mwaka 1960 ulileta uhuru na kujitenga kwa Katanga, na watu wa Kasai na Waluba wakafukuzwa katika miji ya shaba. Maaskofu walianza kuhofia kundi ambalo walei wake walifundishana bila kusubiri ruhusa, na ambalo baadhi ya matawi yake yalishutumiwa kwa kupotoka. Katika miaka ya 1970 uongozi wa Kanisa uliwabana wafuasi wengi, wakatakiwa kuchagua. Tempels hakuwa nchini tena. Alirudi Ubelgiji mwaka 1962, akaishi katika nyumba ya Wafransisko huko Hasselt, na humo akafariki tarehe 9 Oktoba 1977.

Je, tumsifu? Nadhani tumpime kwa vipimo viwili. Kama mwandishi, aliwasemea watu ambao wangeweza kujisemea, na kosa hilo halifutiki kwa wema wake. Kama mtu aliyejifunza, alifanya jambo gumu mara mbili: karibu na miaka arobaini alikiri kwamba hajui, na karibu na hamsini alikubali kwamba anaowafundisha wanaweza kufundishana wao kwa wao. Kitabu chake kimesomwa katika vyuo vya mabara mengi. Mafundisho ya Kolwezi yalibaki midomoni mwa baba na mama ambao wengi wao sasa wamekufa, na machache tu yamerekodiwa. Waliobaki ni wazee sana. Wako Kolwezi, Likasi, Lubumbashi, na baadhi walirudi vijijini upande wa Sandoa na Dilolo. Anayetafuta mada ya tasnifu juu ya msamiati wa Kiswahili cha Katanga aanze kwao, na safari hii aandike majina ya wanaomfundisha, kwa idhini yao.