Okot p'Bitek: Mshairi Kati ya Juogi na Daktari

Mwaka huu nawaletea habari za mtu aliyewahi kufanya kazi hapa jirani, Kisumu. Naye ni Okot p'Bitek.

Alizaliwa Gulu, Uganda, mwaka wa 1931. Babake alikuwa mwalimu, mamake mwimbaji hodari. Okot alisakata kandanda pia! Mwaka wa 1956 alisafiri Uingereza na timu ya Uganda. Mpira ulipokwisha yeye akabaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha mila na desturi za watu huko Oxford.

Mwaka wa 1966 alitoa Song of Lawino, utungo wa mke Mwacholi anayemlalamikia mumewe msomi, Ocol, kwa kudharau mambo ya kwao. Mwaka wa 1968 akatuandalia tamasha la sanaa Kisumu.

Lililonishangaza zaidi ni habari ya Rubanga. Wamisionari waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewafinyanga watu. Wazee wakalitaja jina la Rubanga, basi wageni wakamwita Mungu hivyo. Kumbe Rubanga ni pepo anayewapinda watu mgongo! Daktari naye huuita ugonjwa huo kifua kikuu cha uti wa mgongo.

Mbona nayasema haya? Binamu yangu hapa Katito alikuwa akianguka na kutoka povu. Nyanya alisema ni juogi, ngoma zikapigwa. Mimi nilimcheka nyanya, Ocol mtupu! Hospitalini tukaambiwa ni kifafa, yaani umeme wa ubongo huvurugika kwa muda. Siku hizi binamu anameza dawa na amerudi darasani.

Lakini baada ya kumsoma Okot niliona haya. Miaka yote hiyo ni nani aliyemlinda mtoto asiangukie moto? Si nyanya? Nilimwomba msamaha. Yeye bado anasema ni juogi, na ndiye anayemkumbusha dawa kila jioni.

Okot alifariki Kampala mwezi wa Julai 1982, akiwa profesa Makerere.

Ndugu msomaji, mwacha mila ni mtumwa, lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Ukimwona mwenzako ameanguka kifafa usimkimbie, wala usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, kaa naye, kisha apelekwe hospitalini. Na nyanya asichekwe.