Niels Bohr, Mchunguzi wa Kiini cha Atomu

Sisi tusomao Fizikia twalijua jina la Bohr kwa ile picha ambayo mwalimu huichora ubaoni: kiini katikati, na elektroni zikikizunguka. Picha hiyo aliitoa mwaka 1913. Lakini kazi yake niipendayo zaidi ni ya mwaka 1936, nayo haisemwi sana madarasani.

Alizaliwa tarehe 7 Oktoba, 1885, mjini Copenhagen, Denmark, na baba yake alikuwa profesa. Katika ujana wake alikuwa golikipa, ingawa kwa mpira alishindwa na mdogo wake Harald, aliyeichezea Denmark katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1908. Mwaka 1912 alikwenda Manchester kwa Rutherford, yule aliyegundua kiini. Na mwaka 1922 akapewa Zawadi ya Nobel.

Basi, wataalamu walidhani kwamba nyutroni ikirushwa kwenye kiini hupenya ikatokea upande wa pili. Majaribio yakaonyesha kuwa nyutroni nyingi ziendazo polepole hunaswa ndani. Bohr akaeleza hivi. Chukua sahani yenye gololi nyingi, uirushie gololi moja kwa nguvu. Kama sahani ingekuwa tupu, gololi hiyo ingepita ikatokea ng'ambo. Lakini sasa itaigonga ya kwanza, nayo itaigonga ya pili, mpaka nguvu zile zimegawanyika kwa zote, wala hakuna hata moja iwezayo kuruka ukingo. Ndivyo kilivyo kiini: mgeni na wenyeji huwa kitu kimoja chenye moto, na mlango alioingilia mgeni hausemi tena chembe gani itatoka. Baadaye, kwa bahati, chembe moja hukusanya nguvu za kutosha ikatoka, kama mvuke utokavyo katika sufuria ya maji ya moto, na kiini kikapoa. Huko baadaye ni kufupi mno kuliko kupepesa jicho, lakini kwa kiini ni muda mrefu. Mwaka 1937 Victor Weisskopf alitoa hesabu za mvuke huo.

Wajerumani waliiteka Denmark mwaka 1940. Mama yake Bohr alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi, na mwezi wa Septemba, 1943, Bohr alipata habari kwamba atakamatwa. Usiku akavuka bahari kwa mashua mpaka Uswidi. Kutoka huko alipelekwa Uingereza katika ndege ya vita, akiwa mahali pa kuwekea mabomu, na kwa kukosa oksijeni alizimia njiani.

Huko Marekani alisaidia kazi ya bomu la atomu, lakini moyo wake haukutulia. Mwaka 1944 alimwendea Churchill, akitaka Warusi waarifiwe mapema ili mataifa yasishindane kwa silaha hizo. Churchill akakataa. Nadhani Bohr aliona mbali kuliko waziri yule, maana mwaka 1949 Warusi walilipua bomu lao wenyewe.

Alifariki Copenhagen tarehe 18 Novemba, 1962. Mwaka 1981, mjini Darmstadt, Ujerumani, wataalamu walirusha viini vya kromi juu ya bismuthi. Viini viwili vikaungana kuwa kimoja chenye moto, nyutroni moja ikatoka kama mvuke, ikabaki elementi ya 107. Tangu mwaka 1997 jina lake rasmi ni bohriamu.